Jumamosi Nne Nyuma ya Mstari

Barua ya kamati ya mtaa iliandikwa kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonichoma. Ilianza kwa kunishukuru. Ilisema wakazi wanathamini mafunzo ya karate ninayotoa katika ukumbi wa mtaa kila Jumamosi, watoto saa mbili, vijana saa nne, watu wazima saa sita. Kisha ikaingia aya ya pili. Kamati ingependa watu wazima wapangwe kwa kuzingatia umri na heshima yao katika jamii. Ingependa pia wasio wakazi wasipewe nafasi ya kuwaamuru wakazi. Hakutajwa mtu, na haikuhitajika. Katika ukumbi mzima mtu asiye mkazi aliyekuwa akiwaamuru wakazi alikuwa mmoja tu, na alikuwa na miaka kumi na sita.

Naomba nieleze kwanza mstari wa karate unavyopangwa, maana bila hilo utadhani tuligombana kwa sababu ya mahali pa kusimama tu. Ukija darasani kwangu kwa mara ya kwanza, sikuulizi umri wako, wala kazi yako, wala fezi unayoishi, yaani sehemu yako ya mtaa. Naangalia mkanda uliofunga kiunoni. Mkanda wa juu husimama mbele, wa chini husimama nyuma, na mweupe, ambao ndio wa kila anayeanza, husimama nyuma kabisa. Hatufanyi hivyo ili kumtukuza huyu na kumdunisha yule. Anayeanza hajui mguu upi unatangulia, kwa hiyo anahitaji mgongo wa mtu anayejua, auangalie na kuufuata. Nimepokea madereva, makarani, mama wenye wajukuu. Wote waliingia na aibu, na baada ya wiki tatu walikuwa wakicheka. Huwa nawaambia kwamba mkanda mweupe ni mahali pazuri sana pa kuwa, kwa sababu hakuna anayekutarajia ujue chochote. Kosea hata mara mia. Tuko hapa.

Msichana ninayemzungumzia alikuja kwangu akiwa na miaka tisa. Alitembea kutoka Majengo, mtaa wa kimaskini, akiwa ameshikwa mkono na dada yake mkubwa, amevaa suruali ya michezo iliyokunjwa mara tatu miguuni. Mama yao anauza nguo za mitumba za watoto wachanga katika soko la Gikomba. Kwa miaka saba sikuwahi kuanza darasa bila yeye kuwapo. Mwaka huu alikuwa na mkanda wa kahawia, wa pekee katika madarasa yangu yote matatu, na mbele yake palibaki mtihani mmoja tu, wa mkanda mweusi, uliopangwa kufanyika Agosti. Watahini wetu wana sharti: anayeutaka mkanda huo lazima awe ameongoza darasa la watu wazima kwa miezi sita mfululizo, na mwalimu wake athibitishe hilo kwa sahihi.

Alianza kuongoza Februari. Nilikuwa naye ukumbini, lakini sauti iliyohesabu ilikuwa yake, na mikono iliyosahihisha ilikuwa yake. Alikuwa na namna yake. Hakumgusa mtu kabla ya kumwonyesha kwa mwili wake mwenyewe, na hakupaza sauti. Kadiri watu walivyokosea, ndivyo alivyozidi kuhesabu polepole. Niliona kwamba ananishinda, nikafurahi.

Agosti ilikuwa na uzito mwingine pia. Dada yake, aliyekuwa akimsaidia mama yao sokoni, alikuwa anaolewa mwezi huo, na baada ya harusi Jumamosi za msichana zingekuwa za kibandani. Mama yake aliniambia wazi: "Mwalimu, mpaka Agosti ni wako. Baada ya hapo ni wangu." Nilikubali. Mama anayelea peke yake na kufungua kibanda kabla jua halijachomoza ana haki ya kusema hivyo.

Mzee mmoja alijiunga Aprili. Alikuwa amestaafu kutoka wizarani, alikuwa naibu mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na ndiye aliyekaa na ufunguo wa ukumbi. Daktari alikuwa amemshauri afanye mazoezi. Nilimpokea kwa furaha, maana mtu wa umri wake akikubali kuvaa mkanda mweupe huwapa moyo wengine kumi. Siku ya kwanza alichelewa. Aliingia akisalimiana na watu mmoja mmoja kama aliyefika harusini, kisha akaenda moja kwa moja kusimama mbele.

"Karibu, Mzee," msichana akamwambia. "Nafasi yako iko huku nyuma. Utaona vizuri zaidi."

Akatazama nyuma kama aliyeonyeshwa choo. "Huku?"

"Ndiyo, Mzee. Ni wiki chache tu."

Katika darasa hilo kuna muuguzi wa makamo, mwenye mkanda wa manjano na mdomo usiotulia. Akamwita, "Njoo, Mzee! Huku nyuma ndiko kuna upepo!" Watu wakacheka, mzee naye akacheka, akaja.

Tatizo lilianza kwenye ngumi. Watu wengi wakikunja ngumi kwa mara ya kwanza huficha kidole gumba ndani ya vidole vingine, na mzee alifanya hivyo. Msichana akaja mbele yake, akainua ngumi yake mwenyewe.

"Mzee, kidole gumba kikikaa ndani, siku ukipiga kitu kitavunjika. Kitoe nje, hivi."

"Mimi nimekunja ngumi kabla mama yako hajazaliwa."

"Sawa, Mzee. Basi kitoe nje tu."

Mstari mzima ukacheka, nami nikacheka. Mwisho wa somo msichana akatangaza, kama ilivyo desturi yetu, kwamba waliochelewa wapige presapu kumi. Siku hiyo walikuwa wawili, mzee na dereva mmoja wa basi la shule. Dereva akashuka chini bila neno. Mzee akapiga nne, akasimama, akajipangusa magoti.

Watu walipotoka alinivuta kando.

"Madam, huyu ni mtoto wa nani?"

"Mama yake ana kibanda Gikomba."

"Kwa hivyo hata si wa hapa."

"Amekuwa wa hapa kila Jumamosi kwa miaka saba, Mzee."

"Madam, unanielewa vizuri sana. Mimi nimeongoza idara. Siwezi kuhesabiwa presapu na mtoto wa mitumba."

Nilipaswa kumjibu pale pale. Badala yake nilianza kumweleza kuhusu mikanda, na kwa nini anayejua husimama mbele. Nilieleza kwa upole na kwa mifano, kama nilivyozoea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniaga vizuri, na wiki mbili baadaye barua ikaja.

Nimeifikiria sana hoja ile ya umri, kwa sababu nami nimelelewa kuwaheshimu waliotangulia, na ningependa kuwa wa haki. Lakini mzee huyu humpa simu yake fundi wa miaka ishirini pale stejini kwenye matatu bila kuuliza. Daktari aliyemshauri afanye mazoezi anaweza kuwa mwanawe, na alimtii. Mtoto wa jirani yake, wa fezi yetu, humfundisha kutumia kompyuta, naye humsifu kanisani. Kwa hiyo haikuwa umri. Ilikuwa Majengo, na nguo za mitumba, na msichana. Neno heshima lilitandazwa juu ya hayo yote kama kitambaa juu ya meza iliyovunjika.

Na mimi nilikubali. Nalisema hili bila kulizungushazungusha. Niliwaza watoto zaidi ya arobaini wa saa mbili, ambao hawana pengine pa kuruka isipokuwa kati ya magari yaliyoegeshwa. Niliwaza ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mmoja. Nikajiambia, mwezi mmoja tu, mambo yapoe. Nikajiambia pia kwamba nikimhamishia msichana kwenye darasa la watoto, awaongoze hao kwa sasa, miezi yake ya kuongoza itaendelea kuhesabiwa, maana kufundisha ni kufundisha. Sikuifungua fomu ya watahini nihakikishe.

Nilimweleza kwenye ngazi za ukumbi kabla ya somo. Nilimweleza vizuri, na hilo ndilo linalonikasirisha mpaka leo kuliko barua yenyewe. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewaeleza watu kwa nini goti hukunjwa na kwa nini bega halipandi. Nina sauti yangu ya kazi hiyo, ya taratibu, inayomfanya mtoto aamini kwamba jambo gumu lina sababu. Sauti hiyo hiyo niliitumia kumweleza kwa nini yeye, mwenye mkanda wa juu kuliko wote, akisimama katika darasa la watu wazima atasimama nyuma ya mtu asiyejua kukunja ngumi.

Aliuliza swali moja. "Sensei, kwani nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Haya basi. Iko sawa."

Akafungua mkanda, akaufunga upya, akaingia ndani, akaenda kusimama nyuma kabisa.

Jumamosi ya kwanza nilijifanya sioni. Mzee alisimama mbele kulia, mahali pa kiongozi, na watu wote nyuma yake walifanya kile ambacho mstari umewafundisha, yaani walimfuata. Alitanguliza mguu usio sahihi, nao wakatanguliza mguu usio sahihi. Dereva alimkanyaga muuguzi. Nilisahihisha mmoja mmoja mpaka sauti ikakauka, kazi ambayo mgongo wa msichana ungeifanya bila neno. Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo.

Ya tatu nikafundisha kata, yaani ule mfululizo wa mapigo na kinga ambao kila mkanda mweupe lazima aujue kwa moyo. Kata ina mageuko. Unapiga hatua kuelekea mbele, kisha unageuka na kurudi ulikotoka. Na mstari ukigeuka, wa nyuma huwa wa mbele. Mara ya kwanza niliposema "Geuka!" watu ishirini walijikuta wakitazama mgongo wa msichana, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu ukumbi ulitembea kama mtu mmoja. Nilisikia nyayo zote zikitua pamoja. Muuguzi akasema, "Eeh! Sasa ndiyo karate!"

Mzee, aliyekuwa wa mwisho sasa, akainua mkono.

"Madam, tusigeuke."

Nilidhani ameumia. "Kuna nini, Mzee?"

"Hapana, niko sawa. Nasema tu, kwa sisi tunaoanza, tufanye kwenda mbele. Kugeuka kutakuja baadaye."

Kila mtu alielewa. Hata yeye alijua kwamba tumeelewa, na alituangalia bila kupepesa. Naona haya kuandika kinachofuata. Jumamosi ya nne nilifundisha karate bila kugeuka. Kwa saa nzima tulikwenda mbele, tukafika ukutani, tukarudi tukitembea kama watu wanaotoka kwenye foleni ya benki, tukaanza tena. Muuguzi alisimama mbele ya ule ukuta, mikono kiunoni.

"Sensei, swali. Mwizi akinijia kwa nyuma, nimwambie azunguke aje mbele?"

Watu walicheka mpaka wakajikunja. Msichana hakucheka. Alikuwa akinitazama mimi, bila chuki, kama mwanafunzi anayengoja maelezo. Sikuwa nayo.

Alasiri hiyo nilirudi nyumbani nikaitoa fomu ya watahini kabatini. Iliandikwa waziwazi: darasa la watu wazima, miezi sita, bila kukatizwa. Nikampigia simu mkuu wa watahini, mtu ninayemheshimu.

"Aliugua?" akaniuliza.

"Hapana."

"Alisafiri?"

"Hapana."

"Sasa alikatizwa na nini?"

"Na mimi. Nilimrudisha nyuma ya mstari."

Akaniuliza sababu, nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema angeweza kusamehe ugonjwa, hata mitihani ya shule, lakini akisamehe hili, kila kamati itajua kwamba mstari unapangwa upya kwa barua. "Aanze kuhesabu upya, Mwalimu. Kuna kikao kingine Desemba." Nilikata simu nikakaa kitandani. Alikuwa sahihi, na adhabu yote ilikuwa imemwangukia mtoto. Mzee hakupoteza kitu. Mimi sikupoteza kitu. Aliyesimama alipoambiwa asimame ndiye aliyepoteza Agosti.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema, nikamwambia msichana habari ya fomu, nikangoja watu wazima waingie wote.

"Mstari kwa mikanda," nikasema.

Watu wakasogea haraka, kana kwamba walikuwa wamejiandaa. Msichana akaenda mbele. Mzee hakusogea.

"Madam, barua uliipata?"

"Niliipata, Mzee. Niliitii wiki nne, na imemkosesha huyu mtihani wake wa Agosti."

"Mtihani gani, wa kurushiana mateke? Madam, tuwe watu wazima."

"Watu wazima wako nyuma yako, Mzee. Wanangoja uende mahali pako."

"Nikikataa?"

"Basi hutafanya mazoezi leo."

"Na nyinyi hamtafanyia hapa," akasema, akautoa ufunguo mfukoni ili tuuone.

Ningependa kusema kwamba nilikuwa jasiri. Niliogopa, na sikuwa na mahali pa kwenda. Tulitoka nje, tukajipanga nyuma ya ukumbi kati ya magari, msichana akahesabu, tukafanya kata yote mara mbili kabla soja, mlinzi wa mtaa, hajatumwa kutuondoa. Naye alikuja ametazama chini. "Sensei, mnisamehe, nimeambiwa tu." Nikamwambia asijali. Nilijua vizuri sana hali ya mtu aliyeambiwa tu.

 Katikati ya wiki mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi akatupa uwanja, wenye murramu, ule udongo mwekundu, na vijiwe vinavyochoma nyayo, na huko ndiko tuliko mpaka leo. Mvua ikinyesha tunaingia kwenye baraza. Baadhi ya wazazi wa fezi yetu waliwaondoa watoto wao, wakaniambia kwamba sikupaswa kumvunjia mzee heshima. Nimewajibu wote jibu moja: mleteni mtoto, mstari ni ule ule. Ukumbi ninaupita nikienda stejini. Saa sita Jumamosi huwa umefungwa, viti vya plastiki vimepangwa ndani, hakuna anayevikalia, na nikiona hivyo damu hunichemka upya.

Lakini siku ile ya magari bado nilikuwa na safari moja. Kuanza upya kulimaanisha Juni mpaka mwisho wa Novemba, na mama yake alinipa mpaka Agosti. Nikaenda Gikomba.

Nilimkuta akikunja soksi za watoto wachanga, jozi kwa jozi. Akanipa kigoda. Nikaanza kueleza: kamati, barua, ufunguo, wale watoto wa saa mbili, nilivyodhani kwamba fomu itakubali. Aliendelea kukunja. Nilipofika kwenye ngazi za ukumbi, akaweka soksi chini.

"Ngoja kidogo, Mwalimu. Yeye ulimweleza hivi hivi?"

"Ndiyo."

"Akaelewa?"

"Alielewa."

"Mimi aliniambia amerudishwa nyuma kwa sababu hajui kufundisha. Ati watu wazima hawamwelewi. Wiki nne anafanya mazoezi ya kuhesabu kwa sauti usiku, tunashindwa kulala. Kumbe."

 Mteja mmoja akainama kati yetu akiwa na mtoto mgongoni. "Mathe, sweta ya miezi sita iko?"

"Iko, mama, angalia hapo chini, chagua." Kisha akanigeukia. "Desemba, umesema?"

"Desemba. Ukikubali."

"Harusi haitangoja, na hapa Jumamosi ukiwa peke yako wezi wanakubebea vitu ukiona." Akaitazama ile sweta mikononi mwa mteja, akampunguzia bei bila kuombwa, akapokea pesa. "Nitajipanga. Mpe mpaka Desemba. Lakini siku wakikuambia tena umrudishe nyuma, Mwalimu, usimweleze yeye. Uje hapa unieleze mimi."

Nikasema nitakuja.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta msichana wa kwanza uwanjani, akiokota vijiwe mahali watu wanaposimama. Nikamwambia mama yake amekubali Desemba. Kisha nikamwambia kwamba kufundisha anajua, kwamba alikuwa akijua tangu Februari, na kwamba aliyekosea ni mimi. Akabaki amesimama, kiganja kimejaa vijiwe, akingoja niendelee, maana amenizoea. Sikuongeza neno. Akavitupa kando ya ukuta, akapangusa mikono, akaenda kuwaita watu kwenye mstari.